Kutoka Protini hadi Furu: Safari ya Utafiti ya Allan Wilson na Ziwa la Bukoba na Muleba

Ikisiri

Makala hii inaeleza kazi ya mwanabiolojia wa molekuli Allan Charles Wilson (1934–1991), aliyeanza kwa kupima protini za damu na ambaye, katika mwaka wa mwisho kabla ya kifo chake, alishiriki katika utafiti wa furu wa Ziwa Victoria. Inadaiwa kwamba kazi hiyo yote ina fundisho moja: hesabu ya tofauti za molekuli hutuonyesha nasaba na muda, lakini haitoshi kueleza umbo wala maisha ya kiumbe. Fundisho hilo linalinganishwa na isimu linganishi ya lugha za Kibantu, na linatumiwa kutathmini hali ya ziwa na haja ya kuwa na majina ya samaki yanayokidhi.

1.0 Utangulizi

Mji wa Bukoba umejengwa ukingoni mwa Ziwa Victoria, na wilaya ya Muleba, iliyo kusini yake, ina sehemu kubwa ya maisha yake ziwani, kuanzia mwambao hadi visiwa vya Bumbire, Ikuza, Kerebe na Goziba. Msomaji anaweza kuuliza ziwa hilo linahusianaje na mtaalamu aliyezaliwa Nyuzilandi na kufanya kazi California. Jibu ni kwamba mwaka 1990 jarida la Nature lilichapisha makala fupi ya Axel Meyer, Thomas Kocher, P. Basasibwaki na Allan Wilson kuhusu samaki wadogo wa ziwa hili ambao wavuvi wa upande wa Tanzania huwaita furu. Makala hiyo ilibadili namna wataalamu wanavyolielewa ziwa letu. Ilichapishwa wakati ambapo samaki wenyewe walikuwa wakitoweka.

Kuna sababu tatu za kuileza kazi ya Wilson katika jarida la Kiswahili. Ya kwanza ni kwamba ziwa ni letu, na maarifa yanayolihusu yanastahili kupatikana katika lugha inayozungumzwa kandokando yake. Ya pili ni kwamba mbinu ya Wilson inafanana mno na mbinu ambazo wanaisimu wamezitumia kupanga lugha za Kibantu, hata tunaweza kuzieleza moja kwa kutumia nyingine. Ya tatu ni ya istilahi: ni kwa kujaribu kueleza jambo gumu ndipo tunapojua lugha ina nini na inahitaji nini.

2.0 Protini kama kumbukumbu ya nasaba

Wilson alizaliwa Ngaruawahia mwaka 1934 na kukulia shambani. Alisoma Chuo Kikuu cha Otago, kisha akaenda Marekani, ambako alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1961. Alirudi Berkeley kufundisha biokemia mwaka 1964 na kubaki huko muda wote uliosalia wa maisha yake ya kazi.

Ili kuelewa alichofanya, tuanze na protini. Protini ni mnyororo wa vijenzi viitwavyo asidi amino, ambavyo aina zake za kawaida ni 20. Mpangilio wa asidi amino katika mnyororo ndio unaoipa protini umbo na kazi, kama ambavyo mpangilio wa fonimu huipa neno utambulisho wake. Mpangilio huo hurithiwa. Katika kurithiwa kwake kizazi baada ya kizazi hutokea mabadiliko madogo: asidi amino moja huchukua nafasi ya nyingine. Mengi ya mabadiliko hayo hayaidhuru protini wala hayaiboreshi. Yanabaki tu kama alama. Viumbe wawili waliotengana zamani watakuwa na alama nyingi zinazotofautiana, na waliotengana karibuni watakuwa na chache.

Wazo hili lilitolewa na Emile Zuckerkandl na Linus Pauling mwanzoni mwa miaka ya 1960, nalo likaja kuitwa saa ya molekuli. Wanaisimu watalitambua mara moja. Miaka michache kabla, Morris Swadesh alikuwa amependekeza kwamba msamiati wa msingi wa lugha hupotea kwa kasi inayokaribia kuwa sawa, na kwamba kwa kuhesabu maneno ya asili moja katika orodha ya maneno 100 au 200 tunaweza kukadiria lugha mbili zilitengana lini. Kiswahili mtu na Kihaya omuntu, Kiswahili mti na Kihaya omuti, ni jozi zinazohesabiwa kuwa za asili moja. Kiswahili nyumba na Kihaya enju si jozi ya namna hiyo, maana mashina yake ni tofauti. Mwanabiolojia huhesabu asidi amino. Mwanaisimu huhesabu maneno.

Mwaka 1967 Wilson na mwanaanthropolojia Vincent Sarich walitumia wazo hilo kwa binadamu. Walichukua albumini, ambayo ni protini iliyo nyingi katika majimaji ya damu, wakaichoma katika miili ya sungura. Mwili wa sungura ulitengeneza kingamwili dhidi ya albumini hiyo ngeni. Kisha walipima jinsi kingamwili zilizotengenezwa dhidi ya albumini ya kiumbe mmoja zilivyoitambua albumini ya mwingine, kwa mfano sokwe, gorila au nyani. Kadiri zilivyoitambua vyema, ndivyo ukaribu wa nasaba ulivyokuwa mkubwa. Kwa kuchukua kwamba ukoo wa binadamu na sokwe ulitengana na ule wa nyani yapata miaka milioni 30 iliyopita, walikokotoa kwamba binadamu walitengana na sokwe na gorila takriban miaka milioni 5 tu iliyopita.

Wataalamu wa visukuku walilipinga hitimisho hilo kwa nguvu. Wengi wao waliamini kwamba kisukuku kiitwacho Ramapithecus kilikuwa cha ukoo wa binadamu, na kwamba utengano huo ulitokea miaka milioni 15 iliyopita au zaidi. Ilipofika mwanzoni mwa miaka ya 1980, visukuku vilivyokamilika zaidi vilionyesha kwamba kundi la Ramapithecus lilikuwa karibu na orangutangu wa Asia. Tangu hapo tarehe ndefu ilikosa mhimili.

2.1 Je, saa inakwenda sawa?

Pingamizi kubwa dhidi ya saa yoyote ya namna hii ni kwamba huenda koo mbalimbali hubadilika kwa kasi tofauti. Katika isimu pingamizi hilo lilitolewa mwaka 1962 na Knut Bergsland na Hans Vogt, walioonyesha kwamba lugha ya Iceland imebadili msamiati wake polepole kuliko nadharia ilivyotabiri. Sarich na Wilson walijibu pingamizi kama hilo kwa jaribio ambalo halihitaji tarehe yoyote ya visukuku.

Tulieleze kwa mfano wa Kagera. Tuseme tunataka kujua kama Kihaya na Kizinza vimebadilika kwa kasi ileile tangu vilipotengana. Hatuhitaji kujua vilitengana lini. Tunahitaji lugha ya tatu ambayo tuna hakika ilijitenga mapema zaidi, kwa mfano Kiswahili, na kupima umbali wa kila moja kutoka hapo. Ikiwa Kihaya kiko mbali na Kiswahili sawa na Kizinza, basi hakuna kati yake kilichokimbia kuliko mwenzake. Ikiwa kimoja kiko mbali zaidi, hicho ndicho kilichobadilika kwa kasi. Katika albumini, binadamu na sokwe walionekana kuwa mbali na nyani kwa kiwango kinachokaribiana. Kwa hiyo ukaribu wa binadamu na sokwe haukuweza kuelezwa kwa kudai kwamba saa ya mmoja wao ilisimama.

3.0 Mpaka wa hesabu

Kama Wilson angeishia hapo, angekumbukwa kama mtu aliyepima muda. Alichokifanya baadaye ni kuuliza kipimo chake hakipimi nini.

Mwaka 1975 yeye na Mary-Claire King walichapisha katika jarida la Science ulinganisho wa protini za binadamu na sokwe. Waligundua kwamba minyororo ya asidi amino ya viumbe hao wawili inafanana, kwa wastani, kwa zaidi ya asilimia 99. Kwa kipimo hicho, binadamu na sokwe wanakaribiana kama spishi ndugu ambazo jicho la kawaida hushindwa kuzitofautisha. Hata hivyo wanatofautiana mno kwa umbo, mwendo, ubongo na mwenendo. King na Wilson walihitimisha kwamba tofauti hizo haziwezi kutokana hasa na tofauti za protini zenyewe. Walipendekeza kwamba chanzo chake kikuu ni mabadiliko katika udhibiti, yaani lini, wapi na kwa kiasi gani kila jeni inafanya kazi.

Mfano wa upande wa pili ulikuwa chura. Wilson na wenzake walikuwa wameonyesha mwaka 1974 kwamba protini za vyura hubadilika kwa kasi inayolingana na ya mamalia, ilhali umbo la chura limebaki lilelile kwa mamilioni ya miaka. Vyura wawili wanaofanana machoni wanaweza kuwa wametengana kwa protini kuliko popo alivyotengana na nyangumi. Kwa hiyo molekuli na umbo vina mienendo miwili, na kimoja hakiwezi kutumiwa kukadiria kingine.

Hapa pia isimu ina somo linalofanana. Lugha mbili zinaweza kushiriki asilimia kubwa ya msamiati wa msingi na bado zikatofautiana katika toni, katika mfumo wa nyakati za vitenzi na katika sanaa ya usemi. Hesabu ya maneno inatupa tawi la mti wa nasaba. Haitupi sarufi, wala haituelezi lugha inafanya kazi gani katika jamii. Mtafiti anayesahau mpaka huu hudhani kwamba amekwisha kuieleza lugha pale alipokuwa ameipangia ukoo tu.

Miaka iliyofuata maabara ya Wilson iliendelea kupita pande zote mbili za mpaka huo. Kwa upande wa protini, mwaka 1987 Caro-Beth Stewart, James Schilling na Wilson walichunguza lisozimu, kimeng'enya kinachovunja kuta za bakteria. Walionyesha kwamba lisozimu ya tumbo la ng'ombe na ile ya kima mla majani wa Asia zimepata baadhi ya mabadiliko yanayofanana, kila moja kwa njia yake, kwa kuwa wanyama hao wote huchachusha majani tumboni. Chakula, ambacho ni suala la ikolojia, kilikuwa kimeacha alama ndani ya protini. Kwa upande wa DNA, mwaka 1984 maabara hiyo ilisoma vipande vya DNA kutoka ngozi iliyohifadhiwa ya kwaga, jamii ya punda milia wa Afrika Kusini aliyetoweka mwaka 1883. Mwaka 1987 Rebecca Cann, Mark Stoneking na Wilson walilinganisha DNA ya mitokondria ya watu 147 na kuhitimisha kwamba nasaba zote za upande wa mama zinakutana kwa mwanamke aliyeishi yamkini Afrika, yapata miaka 200,000 iliyopita.

4.0 Ziwa changa na samaki wengi

Kisha likaja ziwa. Ziwa Victoria lina eneo la takriban kilometa za mraba 68,800, lakini kina chake kikubwa ni mita 80 hivi tu. Wanajiolojia hueleza kwamba lilitokea pale ardhi ya magharibi ilipoinuka taratibu na kuzuia mito iliyokuwa ikielekea huko. Mto Kagera, ambao sasa huingia ziwani kaskazini ya Bukoba na ndio mto mkubwa kuliko yote inayolilisha ziwa hilo, ni mmoja wa mito iliyogeuzwa mwendo. Ikilinganishwa na Tanganyika, ambalo umri wake ni mamilioni ya miaka, Victoria ni ziwa changa.

Ndani ya ziwa hilo changa wamo furu wa mamia ya spishi. Franz Hilgendorf alieleza spishi za kwanza mwaka 1888, naye ndiye aliyeasisi jina Haplochromis. P. H. Greenwood, aliyefanya kazi Jinja miaka ya 1950, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuwapanga. Sasa hukadiriwa kuwa zilikuwapo spishi zipatazo 500. Wengine hukwangua mwani kwenye mawe. Wengine huponda konokono kwa mataya ya kooni. Wengine hula wadudu, tope lenye viozo, samaki wenzao, magamba ya samaki wengine, hata mayai na vifaranga ambavyo jike hubeba kinywani. Meno, mataya na macho yao hutofautiana kwa kadiri ya kazi hizo. Swali lilikuwa la zamani: je, wametoka kwa babu mmoja, au koo nyingi zilihamia ziwani kila moja kwa wakati wake?

Meyer, ambaye wakati huo alikuwa mtafiti katika maabara ya Wilson, aliongoza kazi ya kulijibu. Walisoma hadi herufi 803 za DNA ya mitokondria kutoka spishi 14 za ziwa hilo, na spishi nyingine 23 za Afrika. Matokeo yalikuwa ya kushangaza. Spishi hizo 14, zilizotofautiana mno kwa mataya na meno, zilikuwa na tofauti ndogo za mitokondria kuliko zilizomo ndani ya spishi moja ya binadamu. Waandishi walihitimisha kwamba furu wa Victoria wametoka kwa asili moja, na kwamba mlipuko wao wa spishi ulitokea katika muda usiozidi miaka 200,000.

Msomaji aliyefuatilia hoja tangu mwanzo ataona kwamba matokeo haya ni yale ya mwaka 1975 yakijitokeza majini. Binadamu na sokwe walikuwa karibu kwa molekuli na mbali kwa umbo. Furu nao ni hivyo hivyo, tena kwa mamia. Wilson alifariki Julai 1991 akiwa na umri wa miaka 56.

4.1 Masahihisho ya baadaye

Sayansi haikuishia hapo, na ni haki kueleza ilivyosahihishwa. Mwaka 1996 Thomas Johnson na wenzake walitoa ushahidi wa tabaka za tope la sakafuni kwamba ziwa lilikauka kabisa mwishoni mwa kipindi cha barafu, na kujaa tena yapata miaka 15,000 iliyopita. Je, spishi 500 zingeweza kutokea katika muda mfupi hivyo? Mwaka 2003 Erik Verheyen na wenzake walionyesha kwamba nasaba za furu ni za kale kuliko ukame huo na zina uhusiano na Ziwa Kivu. Mwaka 2017 Joana Meier, Ole Seehausen na wenzao, wakiwa sasa na uwezo wa kusoma jenomu nzima, walieleza kwamba furu wa eneo hili wametokana na uchotara wa koo mbili, moja ikiwa na uhusiano na samaki wa Kongo na nyingine na wa Naili. Uchotara huo uliwapa hazina ya jeni tofauti zilizokwisha kuwapo kabla ya ziwa kujaa.

Jambo hilo DNA ya mitokondria peke yake isingeweza kulionyesha, kwa sababu hurithiwa kwa upande wa mama tu. Ni uzi mmoja wa kitambaa chenye nyuzi nyingi. Wanaisimu wamelijua tatizo hili siku nyingi: mti wa nasaba huonyesha kutengana vizuri, lakini hauonyeshi ukopaji na maingiliano. Eneo la Maziwa Makuu, lenye lugha jirani zilizoingiliana kwa karne nyingi, ni mahali pazuri pa kujifunza kwamba nasaba moja haiwi historia nzima.

5.0 Protini inarejea: jicho na uangavu wa maji

Kama tofauti za furu hazionekani kirahisi katika molekuli, ni nini kinachowatenga? Sehemu ya jibu ilitoka kwenye protini, mahali ambapo Wilson alianzia.

Wako furu wawili waishio kwenye mawe ambao mwanaisimu wa Kiswahili angependa kuwajua kwa majina tu. Mmoja ni Pundamilia pundamilia, ambaye dume lake lina rangi ya samawati. Mwingine ni Pundamilia nyererei, ambaye dume lake lina wekundu mgongoni. Jina la jenasi ni la Kiswahili, na la spishi ya pili linamuenzi Mwalimu Julius Nyerere. Majike huchagua madume kwa rangi. Mwaka 1997 Seehausen, Jacques van Alphen na Frans Witte walieleza kwamba mwanga unapopungua aina zake majini, majike hushindwa kutofautisha, na mpaka kati ya spishi hulegea.

Mwaka 2008 Seehausen, Yohey Terai, Norihiro Okada na wenzao walieleza utaratibu wake. Ndani ya jicho mna protini ziitwazo opsini, zinazopokea mwanga. Opsini inayopokea mwanga wa upande wa nyekundu ina matoleo tofauti katika spishi hizo mbili. Furu mwekundu huishi chini zaidi, ambako mwanga uliosalia ni wa wekundu zaidi, na toleo lake limeegemea huko. Wa samawati huishi karibu na uso wa maji, na toleo lake linafaa hapo. Jike huwaona vizuri zaidi madume wa rangi ambayo jicho lake limezoea. Penye maji angavu kwenye visiwa vya upande wa Mwanza, spishi mbili zilibaki mbili. Penye maji yenye tope jingi, zilikuwa kundi moja lililochanganyika.

Hapa ndipo biolojia ya molekuli na ikolojia zinapokutana. Badiliko dogo la asidi amino lina maana pale tu ambapo maji yanapitisha mwanga. Maji yakichafuka, protini ipo, jeni ipo, lakini tofauti waliyoilinda inatoweka.

6.0 Kilichopotea, na lugha ya kukisemea

Ziwa lilichafuka, na si kwa jambo moja. Udongo na mbolea vilivyosombwa kutoka mashambani, pamoja na majitaka ya miji, viliyarutubisha maji kupita kiasi. Mwani ukaongezeka, uangavu ukapungua, na maji ya kina yakakosa oksijeni. Kabla ya hapo, miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, sangara alikuwa amepandikizwa ziwani. Uchunguzi wa mwaka 1969 hadi 1971 ulionyesha kwamba furu bado walikuwa takriban asilimia 80 ya uzito wa samaki wa sakafuni. Miaka ya 1980 sangara waliongezeka ghafla na furu wakaporomoka. Mwaka 1992 Witte na wenzake walikadiria kwamba spishi zipatazo 200 zilikuwa zimetoweka au zilikuwa hatarini kutoweka. Baadhi ya furu waliongezeka tena baadaye. Wengi hawajaonekana tena. Makala ya Wilson na wenzake ilitoka katikati ya maangamizi hayo.

Haifai kumsimulia mkazi wa Bukoba au Muleba habari hizi kana kwamba sangara ni hasara tupu. Sangara alileta viwanda vya minofu, fedha za kigeni na ajira. Dagaa wanaovuliwa usiku kwa taa, ambao nao walinusurika na kuongezeka, wamekuwa kitoweo cha watu wengi. Suala ni kama tunajua tulibadilishana nini na nini.

Katika suala hilo lugha inahusika moja kwa moja. Tazama majina. Samaki mmoja aliyeletwa, Lates niloticus, ana majina matatu katika nchi tatu: sangara Tanzania, mbuta Kenya, mputa Uganda. Dagaa, ambaye ni spishi moja ya asili, vilevile ni dagaa, omena na mukene. Lakini mamia ya spishi za furu yamefunikwa na jina moja tu kila upande: furu, fulu, nkejje. Haishangazi. Watu huyapa majina yale wanayoyatofautisha katika matumizi. Mkulima wa Kihaya ana majina mengi ya migomba kwa sababu kuna ndizi za kupika, za pombe na za kuchoma, na kukosea ni kuharibu chakula. Furu alikuwa kitoweo kidogo chenye miiba, na hakuna aliyedaiwa kujua amekula yupi. Kwa hiyo spishi ziliweza kupotea kwa mamia bila msamiati wa lugha yoyote ya mwambao kupungukiwa na neno hata moja.

Mwaka 1990, mwaka uleule wa makala ya furu, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Maneno kama protini, jeni, spishi, jenasi na kimeng'enya, yaliyotumika hapa bila taabu, yanathibitisha kwamba kikwazo cha kueleza biolojia ya molekuli kwa Kiswahili si msamiati wa maabara. Pengo liko kwenye msamiati wa ziwa. Tunaweza kusema opsini, na bado hatuna jina la kumtofautisha furu mponda konokono na furu mkwangua mwani.

Tunapendekeza njia ambayo Kiswahili kimeizoea, ya kuongezea jina kuu sifa au makazi, kama tusemavyo njiwa manga au panya buku. Tungekuwa na furu mawe kwa wale ambao katika maandishi ya kitaalamu huitwa mbipi, furu tope kwa wakazi wa sakafu laini, furu konokono, furu mwani, na kadhalika. Hayo hayatakuwa majina ya spishi. Yatakuwa majina ya namna za kuishi, ambayo ndiyo tofauti ambazo uteuzi umezijenga. Kazi hiyo isifanywe ofisini. Kambi za wavuvi katika visiwa vya Muleba huwakutanisha wasemaji wa Kihaya, Kizinza, Kikerewe, Kijita na Kisukuma, na yamkini wazee wao wana maneno ambayo hayajaandikwa. Mwanafunzi wa uzamili mwenye kinasa sauti na picha nzuri za samaki anaweza kukusanya msamiati huo kabla wenye nao hawajaondoka.

7.0 Hitimisho

Wilson alianza kwa kuhesabu tofauti za protini ili ajue nani ni ndugu wa nani na tangu lini. Aliendelea kwa kuonyesha kwamba ndugu wa karibu wanaweza kutofautiana sana, kwa sababu umbo lina njia zake. Furu wa Ziwa Victoria walimpa mfano mkubwa wa hoja hiyo, na watafiti waliomfuata walionyesha kwamba utengano wa spishi unaweza kutegemea kitu dhaifu kama uangavu wa maji.

Kutokana na hayo tunapata maonyo mawili. La kwanza ni kwa wanaisimu: tusiidharau lugha au lahaja kwa kuwa hesabu inasema iko karibu na nyingine, maana ukaribu wa hesabu hauondoi upekee. La pili ni kwa wote wanaolitegemea ziwa. Furu hawawezi kuhifadhiwa kwa kuweka DNA yao kwenye majokofu pekee, kwa kuwa kilichowafanya wawe wengi ni mawe, kina, mwanga na maji angavu. Kwenye mwambao wa Bukoba na visiwa vya Muleba, kila ukingo wa mawe uliotenganishwa na mwingine kwa mchanga au kwa kina kirefu unaweza kuwa na furu wake. Kuwatambua kwa majina ni kazi inayoweza kuanza sasa, na sehemu yake kubwa ni kazi ya lugha.